Je, ninaibiwa kwenye poka ya simu, au ni bahati mbaya tu?

"Hujambo mtaalamu. Nina miaka 31, ninaishi Umoja na nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Tangu mwaka jana nimekuwa nikicheza poka kwenye simu katika klabu ambayo rafiki alinijulisha. Hakuna Paybill, yaani namba ya malipo ya kampuni. Namtumia wakala pesa kwa namba yake ya M-PESA, ananiwekea pointi, na nikishinda ananirudishia. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Miezi ya karibuni nimepoteza kama elfu themanini na sita. Kuna wachezaji wawili ambao kila mara wako meza moja, na mwingine ambaye nikitishia bila karata ananifuata, nikiwa na karata nzuri anatupa zake. Wiki moja nilishika ree mbili mara mbili na zote nikapigwa. Nilipolalamika, wakala alinitumia picha ya cheti kinachosema uchanganyaji wa karata umekaguliwa. Sasa anashikilia shilingi 23,000 zangu na anataka nilipe 'kodi' ya 4,600 kwanza ndipo azitoe. Kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu ananiuzia programu ya kuona karata za wengine kwa 5,000. Mke wangu hajui lolote na nimeshaingia Fuliza, ule mkopo wa M-PESA. Naibiwa? Na nani wa kunisaidia?"

Ndugu yangu, kabla ya yote: usitume hizo 4,600, na usinunue hiyo programu. Kampuni yenye leseni hukata kodi yenyewe pesa zako zikitoka na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, KRA, yenyewe. Hakuna kodi inayotumwa kwa namba ya mtu binafsi ili akufungulie pesa zako. Ukizituma, kesho utaambiwa kuna ada nyingine, na keshokutwa nyingine tena.

Kuhusu programu ya kuona karata, mwaka 2015 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilifichua kirusi kilichoitwa Odlanor. Kilijificha ndani ya programu ambazo wachezaji wa poka walizipakua kwa hiari yao, zikiwemo zile zilizoahidi kuwasaidia mchezoni. Kikishaingia kwenye kompyuta, kilipiga picha ya skrini ya mchezaji na kuituma kwa mwizi, na mwizi akaja kuketi meza ileile. Aliyedhani amenunua macho ndiye aliyekuwa akichunguliwa. Kwa hiyo nikuulize: je, umeshawahi kuweka kwenye simu yako kitu chochote ulichotumiwa na mtu wa kundi hilo? Kama ndiyo, usifungulie M-PESA wala programu ya benki kwenye simu hiyo mpaka fundi unayemwamini aifute yote na kuianzisha upya. Kisha badilisha PIN yako.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, na nianze na pale ambapo nadhani unakosea. Ree mbili kupigwa mara mbili kwa wiki si ushahidi wa wizi. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushindwa karibu mara 18 katika kila 100. Tena hapo mna wawili tu. Ukiwaacha watu wanne wabaki na karata zozote mpaka ya mwisho kati ya karata za pamoja za mezani ifunuliwe, ree zako zitapigwa karibu mara 44 katika 100. Ubongo wetu hukumbuka kichapo na kusahau zile mara tulizochukua mezani bila jasho. Mchezaji mzuri kabisa anaweza kupoteza mwezi mzima bila mtu kumgusa, na matokeo ya mikono (raundi za mchezo) mia chache hayathibitishi chochote, yawe mazuri au mabaya. Wachunguzi wa mambo haya huhitaji makumi ya maelfu ya mikono kabla ya kutamka neno.

Wengi pia hudhani anayeiba ni mwenye mchezo, na kwamba mfumo umepangwa ili ushindwe. Mwenye mchezo wa poka hapati pesa zake kama kampuni ya kubashiri mpira. Hukata kamisheni ndogo kwenye pesa zilizowekwa mezani, ashinde nani ashinde, na faida yake ni ninyi kucheza muda mrefu. Wizi wa poka kwa kawaida hufanywa na mtu aliyeketi nawe mezani, au mtu wa ndani aliye na ufunguo ambao hakupaswa kuwa nao. Ndiyo maana cheti cha wakala wako, hata kama ni cha kweli, hakijibu malalamiko yako. Wewe unalalamikia watu, naye anakuonyesha karatasi inayohusu uchanganyaji wa karata.

Uchanganyaji wenyewe haukosi umuhimu. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa njia nyingi sana hivi kwamba idadi yake ni nambari ya tarakimu 68. Mwaka 1999, watengenezaji wa programu iliyotumiwa na PlanetPoker walitangaza hadharani msimbo wao wa kuchanganya karata ili kuonyesha kwamba hawana la kuficha. Wahandisi wa kampuni moja ya Marekani waliusoma na kugundua kwamba mfumo ule, badala ya kuchagua katika mipangilio hiyo yote, ulianzia kwenye saa ya kompyuta: milisekunde zilizopita tangu usiku wa manane. Kwa siku nzima hizo hazizidi 86,400,000. Wakilinganisha saa yao na ya seva, ilibaki mipangilio kama 200,000 tu ya kujaribu. Mchezaji akijua karata zake mbili na zile tatu za kwanza za pamoja zilizofunuliwa mezani, kompyuta ilimwambia karata za kila mtu na zitakazofuata. Kosa la aina hiyo ndilo ambalo ukaguzi wa uchanganyaji huzuia, na ni vizuri ukaguzi uwepo. Ila haukuambii ni nani mwingine anayeziona karata baada ya kugawiwa.

Kisa kinachofanana na hicho chako cha mtu anayekusoma kila mara ni cha Absolute Poker, Septemba 2007. Katika shindano la kiingilio cha dola 1,000, mchezaji aliyejiita POTRIPPER alicheza kama mtu anayeona karata za wenzake. Mwishoni alifuata dau kubwa akiwa hana hata jozi, karata yake ya juu ikiwa 10 tu, na akashinda. Aliyemaliza wa pili, Marco Johnson, aliomba kumbukumbu za mchezo. Kampuni ikamtumia faili lenye mengi kuliko alivyoomba: karata za kila mchezaji, pamoja na akaunti zilizokuwa zikitazama meza. Wachezaji waliolichambua waliona kwamba akaunti moja ya ndani ilianza kutazama meza ya POTRIPPER mapema katika shindano, na tangu hapo hakukosea tena. Mtu wa ndani alikuwa akiona karata zote.

Kampuni dada, UltimateBet, ilikuwa na ugonjwa huohuo na kwa miaka mingi zaidi. Tume ya michezo ya Kahnawake, eneo la jamii ya wenyeji asilia nchini Kanada, iliyotoa leseni, ilimtaja Russ Hamilton, bingwa wa dunia wa poka wa 1994, kuwa mhusika mkuu. Wachezaji walirudishiwa takriban dola milioni 22. Faini zilikuwa dola 500,000 kwa kampuni ya kwanza na milioni 1.5 kwa ya pili. Zote mbili zilibaki na leseni, na hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai.

Nakusimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, walioibiwa hawakuwa na njia ya kujua kwa uhakika wakiwa wameketi mbele ya skrini zao. Walikuwa na shaka, kama wewe. Ushahidi ulikuwa kwenye seva, na ulitoka kwa sababu mtu alituma faili ambalo hakukusudia kulituma. Pili, leseni ilikuwepo. Ila mmiliki wa kampuni mama alikuwa chifu mkuu wa zamani wa eneo lilelile lililotoa leseni hiyo. Mdhibiti aliye karibu hivyo na anayedhibitiwa hubaki kupokea taarifa, na mara nyingi huipokea wa mwisho.

Hao wawili wa meza moja ndio wangenitia wasiwasi zaidi kuliko yule mmoja. Kula njama hakuhitaji utaalamu wowote. Watu wawili wakiongea kwa simu, au mtu mmoja akiwa na simu mbili, wanajua karata nne badala ya mbili. Mwenye karata nzuri humruhusu mwenzake aongeze dau ili wewe ubanwe katikati, ulipe mara mbili au utupe. Wakibaki wao wawili, hawapigani kwa nguvu. Ukitaka kuchunguza, chukua kumbukumbu za mikono ambayo karata zilifunuliwa, kama programu yako inaziruhusu, na uangalie hili: ni mara ngapi mmoja wao aliongeza dau kisha akatupa karata mara tu mwenzake alipoongeza? Je, waliwahi kunyang'anyana pesa nyingi? Ukiona mtindo huo mara kwa mara, una sababu ya kuondoka. Bado hutakuwa na uthibitisho, kwa sababu uthibitisho ni aina ya simu wanazotumia, mtandao wanaoingilia na pesa zinavyohama kutoka akaunti moja hadi nyingine. Katika klabu kama yako, vitu hivyo vyote viko mikononi mwa wakala na mwenye programu, na wakala ndiye anayefungua akaunti bila kuuliza kitambulisho.

Kuna na roboti, yaani programu zinazocheza zenyewe badala ya mtu. Mwaka 2019, programu iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza za watu sita, na tangu hapo hakuna anayeweza kusema mashine haiwezi poka. Kampuni kubwa zina watu wa kuzisaka na huzifungia akaunti. Klabu ya mtaani haina mtu wa kazi hiyo.

Hapo ndipo hoja ya udhibiti inaponigusa mimi, kama mtu anayefanya kazi ya kukagua mifumo ya malipo. Nimesikia viongozi wa dini na wazazi wakisema kamari ipigwe marufuku, tuachane nayo. Naheshimu uchungu wao, kwa sababu nimeona nyumba zilizoharibika. Lakini angalia kilichotokea Marekani. Mwaka 2006 ilipitishwa sheria ya kuzuia malipo ya kamari haramu ya mtandaoni. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, kama PartyPoker, zilifunga milango kwa Wamarekani. Wachezaji hawakwenda nyumbani kulala, walihamia kwa kampuni zilizokuwa tayari kubaki, na Absolute Poker na UltimateBet zilikuwa miongoni mwake.

Kisha ikaja tarehe 15 Aprili 2011, siku ambayo waendesha mashtaka wa Marekani walitwaa tovuti za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker kwa mpigo. Ilikuwa kama mtihani wa ghafla. PokerStars ilikuwa na leseni ya kisiwa cha Isle of Man, ambako sheria inataka pesa za wachezaji ziwekwe kando na pesa za kampuni. Ndani ya wiki chache Wamarekani walianza kulipwa. Full Tilt ilikuwa na leseni ya kisiwa kingine, Alderney. Ilipochunguzwa, ilikuwa ikidaiwa na wachezaji kama dola milioni 390, na benki ilikuwa na kama milioni 60. Pesa za watu zilikuwa zimegawiwa wamiliki. Wachezaji wengi walisubiri kwa miaka. Mchezo ni uleule na siku ni ileile, na kilichowatofautisha wachezaji hao ni kama kuna mtu aliyehakikisha pesa zao zipo. Uingereza huenda mbali zaidi kwa uwazi: kampuni inalazimika kukuambia pesa zako zitakuwa na ulinzi gani ikifilisika, hata kama jibu ni kwamba hazina ulinzi wowote.

Sasa jiulize 23,000 zako ziko wapi. Ziko kwenye laini ya simu ya mtu mmoja. Hakuna akaunti ya wachezaji, hakuna kampuni, hakuna mkataba. Ukiniuliza kama unaibiwa mezani, nitakujibu kwamba huenda ndiyo na huenda siyo. Ukiniuliza kama unaibiwa na wakala, mtu anayeshikilia pesa zako na kudai pesa nyingine ndipo azitoe ameshakujibu yeye mwenyewe.

Hapa Kenya kamari yenye leseni inaruhusiwa kwa mtu wa miaka 18 na zaidi. Kwa karibu miaka 60 tuliongozwa na sheria ya 1966, iliyoandikwa wakati kamari ilimaanisha kasino, bahati nasibu na farasi wa Ngong Road. Agosti 2025 Rais alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, inayogusa mtandao waziwazi na kuunda mamlaka mpya ya kuchukua kazi ya ile bodi tuliyoizoea, BCLB. Naiunga mkono. Lakini leseni na ushuru pekee havimlindi mtu kama wewe. Mdhibiti awe na uwezo wa kuingia kwenye kumbukumbu za kila mkono uliochezwa bila kumwomba mwenye kampuni ruhusa. Pesa za wachezaji zikae mahali ambapo mwenye kampuni hawezi kuzigusa hata akitaka. Na mamlaka iseme hadharani inapogundua wizi, kwa sababu wachezaji wa 2007 walilazimika kujifanyia upelelezi wenyewe. Mambo hayo yanahitaji wahandisi na wahasibu ndani ya ofisi ya serikali, na wahandisi hugharimu pesa. Serikali inayokusanya ushuru kwenye kila shilingi ya kamari haiwezi kusema haina.

Nikuambie ukweli pia kuhusu upande wa pili. Mchezo uliodhibitiwa vizuri bado utakula pesa zako kama wapinzani ni wazuri kuliko wewe, na kamisheni na kodi huwaacha wachezaji wengi chini hata meza ikiwa safi. Udhibiti unazuia kuibiwa tu. Kwa hiyo ukiniuliza uende wapi sasa, sitakutajia programu nyingine. Ningependa uache kuweka pesa kabisa kwa sasa, angalau mpaka Fuliza iishe na nyumbani pawe pametulia. Kama ni mchezo wenyewe unaoupenda, kuna raha kubwa ya kucheza na marafiki kwa pointi tupu zisizobadilishwa pesa. Ukija siku moja kurudi kwenye pesa, ulizia kwanza kwa mdhibiti jina la kampuni na mchezo wenyewe. Leseni ya kubashiri mpira si leseni ya kila kitu kilicho kwenye tovuti, na picha ya leseni iliyotumwa kwa WhatsApp si leseni.

Kilichonisumbua zaidi katika barua yako si ree wala wakala. Ni zile sentensi za mwisho. Kukopa ili kuendelea kucheza na kumficha mwenzako ni dalili ambazo madaktari wa akili huziangalia, na zinaweza kumpata mtu mwerevu, mchapakazi, asiyekunywa hata chupa moja. Kama unajaribu kuacha na unashindwa, kama hulali, au kama unacheza ili urudishe ulichopoteza jana, usingoje. Hospitali ya Mathari iliyo Thika Road ina wataalamu wa uraibu, na NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192. Na kama umewahi kufikiria kwamba ni afadhali usiwepo kuliko kukabili madeni haya, nenda hospitali iliyo karibu nawe leo hii, usiende peke yako.

Mwambie mke wako. Najua ni rahisi kwangu kuandika. Lakini wakala akianza kupiga simu au ujumbe wa Fuliza ukionekana, atajua tu, na atakuwa amejua kutoka kwa mtu mwingine. Mwambie ukiwa na hesabu kamili kwenye karatasi: uliyopoteza, unayodaiwa, na kwamba umeacha kutuma.

Kuhusu hizo 23,000, zihesabu kwenye bajeti yako kana kwamba zimekwenda, ili usifanye uamuzi mwingine mbaya kwa kuzifukuzia. Huduma ya M-PESA ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba. Wewe ulituma kwa aliyemkusudia, kwa hiyo usitarajie mengi huko. Lakini usinyamaze. Pakua taarifa ya M-PESA ya kipindi chote, hifadhi mazungumzo na wakala kabla hajayafuta, hasa ule ujumbe wa kudai kodi, pamoja na jina la klabu na namba yake. Kabla ya kuandika taarifa polisi, zungumza na wakili hata kwa nusu saa, kwa sababu mchezo usio na leseni unaweza kumgusa kisheria hata aliyecheza, na ni vizuri maneno yako yapangwe vizuri. Ukishafanya hivyo, peleka malalamiko kwa idara ya upelelezi, DCI, kwa kitengo cha uhalifu wa mitandaoni, na nakala kwa mdhibiti wa kamari. Mtu mmoja anayedai 23,000 faili lake huweza kukaa mezani muda mrefu. Kwenye kundi hilo la WhatsApp, bila shaka hauko peke yako unayeambiwa alipe kodi. Watafute wengine wawili au watatu kwa simu ya kawaida, nje ya kundi, mwende pamoja siku moja, kila mmoja na taarifa yake ya M-PESA inayoonyesha namba ileile ya wakala.